Upondo wa Kuazima

Pesa za mabati ya jikoni ndizo nilizonunulia mlingoti. Naungama mapema, maana mama atasoma haya.

Nina leseni ya redio ya ridhaa, zile ambazo alama zake huku kwetu huanza na 5Z4, na redio ya mtumba. Kilichokosekana ni mti wa kusimamishia waya. Kwa megahezi 14, robo ya wimbi ni kama mita 5, na waya huo niliutaka wima. Chuma kikikaa kando yake huuharibia kazi, na hapa Waa chumvi hukila upesi. Wenzetu wa nje hutumia faibaglasi: nyepesi, haipitishi umeme, vipande vyake huingiana hadi ukaubeba mti mzima kwapani. (Jua likiichosha hutoa nyuzi zinazowasha kama upupu, lakini hilo hatukulifikia.) Mombasa, kila duka nililoingia walinionyesha bomba la chuma. Mmoja akauliza kama ni la bendera.

Nikasikia Diani kuna mlingoti uliovunjika, wa wale wanaocheza na ubao na tanga baharini. Shilingi 4,000. "Faiba hiyo, bro," kijana akaapa. Nyumbani nikakwangua rangi, nikagusisha mita ya umeme. Sindano ikaruka. Kaboni, nyeusi tititi, na kaboni hupitisha umeme.

Mama hakufoka. Alisogeza sufuria chini ya tundu, akasema, "Haya, tuezekee na huo mti wako."

Kukata mti Kaya Waa hakuna anayethubutu, nami sikuwa na shilingi tena. Aliyeniokoa ni jirani yetu, mzee mvuvi. Kusi lilikuwa limechafua bahari, ngalawa yake imelala mchangani. Akanipa upondo wake.

"Kaskazi ikianza naja kuuchukua. Na usiutoboe."

Sikutoboa. Niliunga ufito juu kwa kamba, nikaupandisha waya, nyingine nne nikazitandaza ardhini.

Jioni ya tatu akaniitikia mtu wa Oman, alama yake ikianza na A4. Tulianza kwa Kiingereza. Nilipotaja Kwale akahamia Kiswahili, cha Unguja kabisa, akauliza nimesimamisha waya kwa nini. Nikamwambia upondo. Akacheka mpaka sauti ikakatika.

Mama alikuwa mlangoni. "Asemaje huyo?"

"Auliza habari za upondo."

"Mwambie ni wa kuazima."