Kwa Land Rover Kuukuu hadi Bute

Land Rover aliyoniachia marehemu baba ni Series III yenye shasi ndefu, iliyoungwa Thika enzi za kiwanda cha Leyland Kenya. Ilibeba sukari, mbuzi na wagonjwa kati ya Isiolo na Moyale, kisha ikaegeshwa nyuma ya nyumba yetu hapa Isiolo mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa hawakauki mlangoni. Mimi na mke wangu tuliamua kuifufua, na safari yake ya kwanza iwe ya kwenda Bute, Wajir Kaskazini, watoto wakamwone nyanya yao.

Fundi wetu ni mzee aliyezeekea kwenye magari haya. Siku aliyokuja hakufungua hata boneti. Alitandika gunia, akalala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga shasi kuanzia mbele hadi nyuma huku ametega sikio. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, iliyokufa.

"Bodi isikusumbue, baba," aliniambia. "Hiyo ni alumini. Uhai wa gari hili uko huku chini."

Alisema kweli. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliotokana na vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Shasi yenyewe ilibaki ya chuma, na kutu hupenda kuanzia hapo. Yetu ilikuwa imeoza upande wa nyuma. Tulikata sehemu mbovu, tukachomelea chuma kipya, tukabadilisha busi za springi, paipu zote za breki na za maji, kisha redieta ikafunguliwa na kusafishwa. Spea nyingi zilitoka Nairobi, kwenye maduka ya Grogan, ambako kifaa cha gari la umri huu bado kinapatikana ukivumilia kuzunguka.

Watoto nao hatukuwafukuza gereji. Kijana wetu alipewa magurudumu: kufungua nati, kuweka jeki, kupima upepo. Dada yake alipewa mafuta, kuanzia tangi hadi kabureta. Aliifungua pampu ya mafuta mwenyewe, akaiosha kwa petroli na kuirudisha, mzee akimwelekeza kwa mdomo bila kugusa kitu.

Tuliondoka alfajiri, mitungi ya maji ikiwa imefungwa kwenye keria na kopo la nyirinyiri, vipande vya nyama alivyokaanga mke wangu, likiwa kati ya viti. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na leo zote ni lami. Baba aliijua njia hii ikiwa mawe na vumbi, malori yakisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Sisi tulikwenda mwendo wa pole, maana injini ya lita mbili na robo haipendi kukimbizwa. Mlima Ololokwe ulitupita kushoto, kisha Laisamis, na jioni tukapanda kwenye ubaridi na msitu wa Marsabit. Hapo niliwasimulia watoto habari za Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe, naye akaishi kwenye mlima huo hadi alipokufa mwaka 1974.

Baada ya Marsabit barabara inashuka hadi Dida Galgalu, tambarare ya mawe meusi isiyo na mti wa kumfaa mtu kwa kivuli. Siku ya pili, saa saba mchana, injini ilikohoa, ikazimika. Nilikuwa bado natafuta spana wakati binti yangu ameshafika kwenye boneti.

"Baba, petroli inachemka kwenye pampu. Nipe kitambaa na maji."

Alikilowesha kitambaa, akaifunika pampu na paipu yake, tukasubiri. Joto likizidi, petroli hugeuka mvuke ndani ya paipu na pampu hushindwa kuivuta; ikipoa, inarudi kuwa mafuta. Gari liliwaka. Kitambaa kile kilibaki hapo hadi Moyale, akikilowesha kila tulipopumzika.

Moyale tuliiacha lami, tukashika njia ya udongo kwenda mashariki. Kabla ya kuondoka tuliwauliza polisi na madereva wa malori hali ya usalama na ya njia, kwa sababu huku mvua moja huweza kugeuza laga, yaani mkondo mkavu wa mchanga, kuwa mto. Kwenye laga ya kwanza tulipunguza upepo wa tairi. Nilibonyeza kishikio cha njano magurudumu yote yavute. Mchanga ulipozidi, nikasimamisha gari na kuuvuta nyuma mkono mwekundu wa gia nzito. Tukavuka polepole bila kuteleza.

Bute iko karibu na mpaka wa Ethiopia, kwenye vilima, tofauti na Wajir ya kusini iliyo tambarare. Sokoni utasikia Kisomali na Kiborana. Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, alitupokea kwa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, akawashika watoto vichwa mmoja mmoja na kuwaombea dua. Kisha akalizunguka gari, akapapasa mlango, akasema analikumbuka: ndilo lililonileta mimi mkwewe na wazee wangu kuposa.

Wakenya wengi huijua kaskazini kwa habari za ukame na mashambulizi. Hayo yapo, na misimu mitano ya mvua iliyokosekana kuanzia mwaka 2020 iliwanyang'anya wafugaji mifugo yao. Lakini huku pia ni kwa nyanya za watu, na watoto wana haki ya kukujua kwa macho yao. Kama una gari kuukuu nyuma ya nyumba, usiliuze kwa kilo. Anza na shasi, washirikishe watoto kila nati, uliza habari za njia kwa wanaoipita, beba maji kuliko unavyodhani yanatosha, kisha uwapeleke kwao.