Mzee na ile ambulensi

Juzi nilipitia kwa mzee Buruburu nikitoka kuripoti ajali ya matatu. Nikamsimulia: wawili wamekufa, wanane wameumia. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Nani aliwafikisha hospitali?" Sikujua. Wala sikuwa nimeuliza.

Wasomaji wangu, baba alianza kazi ya ambulensi hapa Nairobi mapema miaka ya tisini. Wakati ule, anasema, watu walidhani kazi hiyo ni kubeba tu: machela, king'ora, mbio. Yeye alisomea kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kumwinua mtu bila kumvunja shingo. Akifika, mara nyingi anakuta majeruhi keshakunjwa kama nguo kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Alikasirika mpaka akazoea.

Halafu ikaja Ijumaa ya 7 Agosti 1998. Ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi. Kulitangulia mlipuko mdogo, watu wakakimbilia madirishani kuchungulia. Ulipokuja ule mkubwa, vioo vikawaingia machoni. Jengo la Ufundi likaporomoka. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na walioumia ni maelfu. Wengi wao walifika hospitali kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Ambulensi zingetosha wapi?

Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba. Hakumwona baba hadi Jumapili.

Hayo nimeyajua tangu utotoni. Ya juzi sikuyajua. Gari lao lilikuwa na nafasi ya wawili, wakapakia wanne. Kijana mmoja akamshika baba suruali, anaomba achukuliwe. Lakini alikuwa anaongea, na wao walifunzwa kuwatazama kwanza walionyamaza, maana anayepiga kelele bado ana pumzi. Baba akamwambia, "Narudi sasa hivi." Foleni ilivyokuwa, alirudi baada ya kama saa nzima. Kijana hakuwepo. Hajui mpaka leo kama alibebwa na wengine au vipi.

Nilidhani anajuta kumwacha. Hapana, anasema angemwacha tena. Kinachomkera ni lile neno "sasa hivi." Alijua si kweli.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Waandishi walikuja, wakauliza idadi. Nikawapa idadi."

Jana nimerudi kwenye ile ajali yangu. Ni makanga wa gari lililokuwa nyuma na mama mmoja muuza mahindi. Walisimama katikati ya barabara hadi lori la maziwa likasimama, wakawapakia majeruhi juu ya makreti. Mama yule alitumia leso yake kumfunga mtoto mguu. Nikaandika aya mbili nzuri tu. Mhariri amezikata, nafasi haikutosha. Mzee bado hajanipigia simu, ingawa najua gazeti ameshalisoma.