Tuhesabu na Safari Pia

Tangu ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, mama mmoja wa kikundi chetu hapa Itiryo alikataa kabisa binti yake apande ndege. Binti ni mgonjwa wa moyo, ameandikiwa kwenda Dar es Salaam, na kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000.

Simlaumu. Kati ya watu 43 walikufa 19. (Wale 24 waliookoka, wengine kwa msaada wa wavuvi, hatuwataji sana.)

Nilimweleza kwa hesabu ya kliniki. Wauguzi hatuulizi tu wazazi wangapi wamefariki, bali wangapi katika kila vizazi hai 100,000; la sivyo hospitali kubwa itaonekana mbaya kuliko zahanati kwa sababu tu inazalisha wengi. Ndege nazo hupimwa kwa ajali katika kila safari milioni. Mwaka 2023, katika safari zipatazo milioni 37 duniani, umoja wa mashirika ya ndege, IATA, ulihesabu ajali moja yenye vifo, ya Nepal, watu 72. Mwaka 2024 zikawa 7, kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi kupimia, na Afrika bado tuko nyuma. Lakini barabara za dunia huua watu kama milioni 1.19 kila mwaka.

Akaniuliza, “Nesi, na kama ni hiyo moja?”

Sikuwa na tarakimu ya kumjibu. Tuliomba. Binti ataruka kutoka Mwanza Alhamisi, na mama ameshamwagiza akae nyuma, karibu na mlango.