Ritifaa ya Ong'era

Huku Gusii majina mengine hayakai vizuri kwenye kompyuta. Ong'era, Mang'era, Nyang'wara: ile ritifaa ndiyo inayofanya ng' isomwe kama kwenye ng'ombe, si kama kwenye ngoma. Ukiitoa, umemwita mtu mwingine.

Kuna chama cha akina mama kule Kebirigo ambacho hugawana pesa kila Desemba, na kila mmoja hupewa risiti yenye jina lake. Kaskripti ka Python ndiko hufanya hiyo kazi. Mimi niko Kisii mjini na Linux. Binamu yangu yuko Nyamira na Windows. Amri ni ile ile, majibu tofauti.

Andika python risiti.py 'Moraa Kerubo' kwenye Linux: sheli inavua nukuu na Python inapokea jina moja. Kwenye Command Prompt ya Windows, nukuu moja moja ni herufi tu kama herufi nyingine. sys.argv inaletewa vipande viwili, kila kimoja na alama yake iliyoning'inia. Ndio maana sisi hutumia nukuu mbili, "Moraa Kerubo", zinazoeleweka pande zote.

Sasa mlete Ong'era bila nukuu. Windows inampitisha bila swali. Bash inadhani ritifaa imefungua nukuu, inatoa alama ya > na kungoja ifungwe. Utangoja hadi Krismasi. Mvike nukuu mbili, anapita kote.

Balaa lenyewe ni skripti ikiita programu nyingine ya kuchapisha. Ukiliunga jina ndani ya amri ukaipa os.system, sheli italisoma upya na kulikatakata. shlex.quote husaidia, lakini ni ya sheli za Unix tu. Dawa yetu ni subprocess.run yenye orodha: programu, faili, jina, kila kimoja mahali pake, sheli ikae kando.

Kuna aliyetuambia, "Si mtoe tu hiyo alama, mambo yaishe?" Yaishe kwa nani? Mama ana kitambulisho kilichoandikwa Ong'era. Risiti ikisema Ongera, yeye ndiye atasimama mbele ya wenzake kueleza kwamba ni yeye, na pesa ni zake, alizoweka mwaka mzima kutoka kwa majani chai. Kubadilisha mistari miwili ya skripti ni kazi ya dakika tano. Jina hilo alirithi kwa watu waliokuwepo kabla yake, na hakuna mtu aliyemuuliza kama kompyuta italipenda.