Haki ya Aliyesimama Kando ya Njia

Sisi ni ndugu wanne, watoto wa dereva wa lori, na mguu wa kulia wa baba yetu ni mfupi kuliko wa kushoto. Alfajiri tunapokuwa nyumbani kwake huusikia ukiburuzika uani aendapo kutawadha, kabla hata mwadhini hajaanza. Wageni hudhani ni maradhi ya utotoni, nasi kwa miaka mingi tuliwaacha wadhani hivyo.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka 2003. Baba alikuwa akitoka Tanga na shehena ya saruji kuelekea Dar es Salaam, na baina ya Kabuku na Mkata tairi moja la nyuma likapasuka. Wakati wa Isha ulikuwa umekwisha kuingia. Akafanya kila lifanywalo na dereva wa barabara zetu: alilisogeza lori kando kwa kadiri bega la barabara lilivyoruhusu, nalo halikuruhusu sana, hivyo nusu ya upana wake ikabaki juu ya lami. Utingo akakata matawi, akayatandaza nyuma na mbele, akayakandamiza kwa mawe yasipeperushwe. Jeki ikaingizwa, kazi ikaanza. Muda wote huo magari yalikuwa yakipita, na kila lipitapo turubai la lori linapigapiga.

Baba husema kuwa upepo ule ndio kipimo cha madereva. Gari likikupita ukahisi shati linavutwa mgongoni, basi dereva yule hakukuona. Likikupita ukapata vumbi tu, alikuona ila hakukujali. Na likipita usihisi kitu, huyo ni mtu ambaye naye aliwahi kupata pancha usiku.

Hakugongwa akibadili tairi. Tairi lilikwisha kufungwa, jeki imetolewa, injini inanguruma na utingo ameshapanda. Baba alishuka tena kwenda kuondoa mawe na matawi. Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri njia ile, au njia yoyote kuu ya nchi hii, unajua kwamba wengi hawashuki. Gari likishapona huondoka, na mawe yakabaki juu ya lami yakimngoja mwendesha pikipiki atakayefuata. Baba hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa na jiwe la tatu kifuani pale gari dogo lilipompitia mguu. Halikusimama, wala hatukulijua ni la nani hadi leo.

Tulikuwa wadogo. Mwaka uliofuata, madrasa, mwalimu wetu alitufikisha kwenye hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Hurayra (RA), ile ielezayo kwamba imani ina matawi sabini na kitu, la juu kabisa likiwa ni kukiri kuwa hapana mola ila Allah, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Wanafunzi wenzetu waliirudia kwa sauti. Sisi tulitazamana. Baba alikuwa ameshika tawi lile la chini kabisa kwa mikono yake miwili, na hapo hapo ndipo alipovunjwa. Tulikuwa na swali, lakini si swali la kumuuliza mwalimu mbele ya watu, nasi hatukumuuliza.

Mmoja wetu sasa anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na riziki yake, kwa qadari ya Mwenyezi Mungu, ameipata kando ya barabara kama baba. Huendesha gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Mama aliposikia alilia kwanza, ndipo akauliza mshahara. Kumtuliza, yule ndugu yetu alitueleza kwa simu sheria ya huko, nasi tangu siku hiyo hatukuacha kuifikiria.

Sheria hiyo yaamuru hivi: dereva anapokaribia gari la dharura lililosimama kando likiwa na taa za kumeta, iwe ni polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, na barabara ina njia zaidi ya moja kuelekea upande aendako, ahame aende njia ya pembeni yake, ili ile iliyo karibu na waliosimama ibaki tupu. Ikiwa kuhama hakuwezekani kwa usalama, apunguze mwendo na apite kwa tahadhari. Chanzo chake ni South Carolina. Mwaka 1994 mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa aligongwa na gari akiwa kazini kwenye eneo la ajali, na taarifa ikamhesabu yeye aliyegongwa kuwa ndiye mwenye kosa, kwa kuwa hapakuwapo sheria ya kumlinda. Alipona, akahangaika mpaka jimbo lake likatunga sheria mwaka 1996. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, ya mwisho ikiwa Hawaii mwaka 2012. Leo majimbo yote 50 yanayo.

Lakini angalieni ilivyopanuka. Mwanzoni ilimlinda mwenye sare na taa. Wavutaji magari, kama ndugu yetu, na wajenzi wa barabara waliingizwa baadaye. Huko Ohio ilikuwa mwaka 2013, na faini ya mkosaji huko ni maradufu. Raia wa kawaida ambaye gari lake limemfia njiani alichelewa zaidi kukumbukwa. Florida, kwa mfano, ilimwingiza kuanzia Januari 2024: mwenye kuwasha taa zake za tahadhari au kuweka alama naye apishwe. Yaani ilichukua takriban miaka 30 tangu yule mhudumu agongwe hadi sheria ya jimbo hilo imfikie mtu wa mfano wa baba yetu, ambaye taa yake ilikuwa ni matawi.

Hatusemi haya ili kuisifu Marekani. Ndugu yetu mwenyewe asema wapo wasiohama, na kwamba yeye hafungui mlango wa gari kabla ya kutazama kioo na kusoma dua. Wala hatudai kwamba sheria ile yaweza kubebwa kama ilivyo ikapandwa huku. Sehemu kubwa ya barabara zetu kuu ni za kwenda na kurudi tu. Kumhama aliyesimama kushoto ni kuingia upande wa wanaokuja, na huko kuna lori la mafuta. Kwetu sisi sehemu ya pili ndiyo yenye uzito: punguza mwendo. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa kila sekunde. Mtu aliyeinama kuokota jiwe zito huhitaji sekunde mbili au tatu kuinuka na kuruka. Piga hesabu mwenyewe.

Tulipojifunza udereva tulifundishwa vizuri kulipisha gari lenye king'ora linapotujia kwa nyuma. Kuhusu gari lililosimama, mwalimu alitufundisha wajibu wa mwenye gari hilo: aweke alama ya pembetatu, awashe taa, asogee. Wajibu wa anayepita hatukumbuki kuusikia. Haki yote ilikuwa ya aendaye, na aliyekwama alikuwa ni kikwazo.

Sisi si wanavyuoni, na mwenye elimu atusahihishe, ila twaona dini yetu ilikwisha kulisema hili kabla ya lami. Abu Said al-Khudri (RA) amepokea kwamba Mtume (SAW) aliwaonya Masahaba wasikae njiani, nao waliposema hawana budi na vikao hivyo, aliwaagiza waipe njia haki yake. Na miongoni mwa haki alizozitaja ni mtu kujizuia na kuwaudhi wengine. Tulipokuwa watoto tuliidhania njia kuwa ni kitu kitupu, na udhia kuwa ni mwiba au jiwe. Sasa twafahamu kwamba aendeshaye kwa kasi pembeni ya mtu aliyeinama, udhia ni yeye. Na katika Suratul Mujadilah, aya ya 11, waumini wameamrishwa kutoa nafasi wanapotakiwa kutoa nafasi vikaoni, na wakaahidiwa kuwa Allah atawapa nafasi wao. Aya yazungumzia vikao, twajua. Hata hivyo kila tunapoisoma sasa huiona barabara ya Mkata.

Lakini kuyajua hayo hakukutosha, na ndilo tunaloandikia.

Shawwal iliyopita tulikuwa tukirudi Dar es Salaam kutoka arusi ya binti wa shangazi yetu huko Muheza. Baba alikuwa nasi, kiti cha nyuma, amelala au tulidhani amelala. Hatutasema nani alikuwa usukanini. Sote tulikuwa na haraka, sote tulikuwa tukicheka habari za bwana arusi, na hakuna hata mmoja aliyesema punguza. Kupita Mkata tukaona majani barabarani. Tuliyaona, na tukajua maana yake kuliko watu wengi wa nchi hii. Mguu haukuondoka kwenye mafuta. Honi ikapigwa, kana kwamba honi ni nafasi. Kisha lori gizani, kijana akiruka majanini, na kishindo chini ya gari letu.

"Simameni," baba alisema. Hakupaza sauti. "Rudini."

Zile hatua za kurudi hatutazisahau. Tulikuwa tumeshaamini kwamba tumemuua mtu. Kijana tulimkuta ameketi kwenye nyasi, mzima alhamdulillahi, akitetemeka; ni utingo, hakuzidi miaka 18. Dereva wake, mtu mzima, alitutukana kwa maneno yasiyofaa kuandikwa hapa, nasi tuliinamisha vichwa kwa kuwa alikuwa na haki. Baba alimwacha amalize, kisha akatoa salamu. Yule bwana akaitikia, akautazama mguu wa baba kwa mwanga wa tochi, akanyamaza.

Tuliliweka gari letu nyuma ya lori, nje ya lami kabisa, taa za tahadhari zikiwaka, na mmoja wetu akaenda kuiweka pembetatu mbali, hatua 100 kwa kuhesabu. Tukabaki hapo mpaka tairi likafungwa. Shati lilivutwa migongoni mwetu mara nyingi usiku ule. Magari yasiyotuhisisha kitu yalikuwa mawili.

Lori lilipowaka, dereva alituaga na kutusamehe, Allah amlipe. Baba akamuuliza mawe yalikuwa mangapi.

"Manne, mzee wangu. Acha tu, tutachelewa."

Sisi tulikuwa tumeokota matatu na kuyatupa mtaroni pamoja na matawi. Baba alikataa kupanda. Tukawasha tochi za simu, tukatafuta nyuma ya lori, chini yake, ubavuni, tukinyanyua vichwa kila tulipoona mwanga unakuja. Halikuwapo. Yule kijana ndiye aliyeliona, mbele, mbali kabisa na mahali alipokuwa ameliweka, limelala katikati ya lami. Upande mmoja lilikuwa limemeguka, na kwenye mmeguko palikuwa na rangi nyeusi ya mpira wa tairi letu.