Andhra, jimbo la mito miwili

Upande wa mashariki wa Uhindi, kando ya Ghuba ya Bengali, liko jimbo la Andhra Pradesh. Watu wake husema Kitelugu. Mito miwili mikubwa, Godavari na Krishna, hulipitia mpaka baharini.

Zamani maji yale yalipita bure. Mvua ilipokosa, njaa iliua. Mwaka 1833 watu wengi mno walikufa katika nchi ya Guntur. Ndipo Mwingereza Arthur Cotton alipojenga ukuta wa kuzuia maji ya Godavari huko Dowleswaram, toka 1847 hata 1852. Mifereji ikanywesha mashamba, na hata leo mpunga hustawi.

Bahari nayo huwapa samaki na kamba, lakini hukasirika: tufani ya Novemba 1977 iliangamiza maelfu ya watu.

Lugha yao waliipenda hata kufa. Mwaka 1952 Potti Sriramulu alikataa kula siku zaidi ya 50, akidai Watelugu watengwe na jimbo la Madras, akafa. Mwaka 1953 wakapata jimbo lao. Mwaka 1956 likaunganishwa na ndugu zao wa Hyderabad, nao wa Telangana wakajitenga mwaka 2014.

Basi, atunzaye maji yake na lugha yake huwatunza watoto wake.