Njia Iliyoishia Porini

Mvua zimeichukua tena njia ya shule tuliyoitengeneza kwa mikono yetu hapa Kasoli. Mzee mmoja akatuambia, "Mwalimu, kazi hii ni ya bure." Siku ile hatukuwa na jibu. Usiku tukakumbuka habari za Mwingereza mmoja, nasi twapenda kuwasimulia.

Jina lake Thomas Fowell Buxton, aliyezaliwa mwaka 1837. Babu yake, mwenye jina lilo hilo, alipigania Bungeni sheria ya kuwaweka huru watumwa, hata ikapita mwaka 1833. Mjukuu naye aliingia Bungeni mwaka 1865, akichaguliwa na watu wa King's Lynn. Mwaka 1868 kiti kikamtoka, na alipojaribu tena hakukipata. Ujumbe wake wote ulikuwa miaka mitatu tu.

Wengine wangeketi wakililia heshima iliyopotea. Yeye hakuketi. Mwaka 1877 yeye na William Mackinnon, mwenye meli, walianzisha njia pana kutoka Dar es Salaam, ielekee ziwa la Nyasa, kwa tumaini kwamba biashara ya halali itaishinda biashara ya watumwa. Njia ilifika maili kama 70; mwaka 1881 ikaachwa porini. Baadaye, tangu 1895 hata 1899, Buxton alikuwa Gavana wa Australia ya Kusini, akafa mwaka 1915.

Je, kazi ile ilikuwa ya bure? Nia yake twaiheshimu. Lakini sisi wafugaji twajua kwamba penye mbung'o ng'ombe hafiki mbali na gari lake, na wenyeji wa mwitu wa pwani walilijua jambo hilo tangu zamani. Nia njema haitoshi. Hapana budi kuwauliza walioizoea nchi.

Hapo ndipo tulipoona haya. Maana sisi nasi tuliichimba njia yetu bila kumwuliza mtu. Asubuhi tukaenda kwa yule mzee, tukapiga magoti, tukamwuliza, "Mzee wetu, maji hupita wapi?" Akacheka, akashika fimbo yake, akatuongoza mpaka juu ya kilima, penye mawe.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa nangoja mniulize."

Jumamosi twaanza tena, na mzee atatutangulia.